Miale Hadi Mia

Nchi ya Kivulini imelala ndani ya korongo refu lililochimbwa na mto ambao wenyewe ulikwisha kufa, na kuta zake mbili za mawe meusi zimesogeleana kiasi kwamba jua, hata likiwa la utosi, hupita juu ya nchi hiyo kama tajiri apitavyo mbele ya ombaomba: limeonekana, limekwenda. Mihogo ya huko huota imepauka. Majogoo huwika ovyo kwa kutojua kumepambazuka lini, na watu wamezoea kutambuana kwa vikohozi kabla ya sura.

Juu ya korongo, mahali paitwapo Ng'aring'ari, hapana taabu hiyo. Huko ndiko lilikosimama kasri la Mwinyi Fanusi, mtawala ambaye watunga sifa walimwita Baba wa Asubuhi ijapokuwa hakuwahi kuamka kabla ya adhuhuri, na ubavuni mwa kasri, limeliegemea kama kupe alivyolala katika sikio la ng'ombe, lilikuwapo Jumba la Mmuliko. Jumba hilo lilimiliki Kioo Kikuu, sahani yenye upana wa uwanja wa ngoma, iliyolinasa jua na kulirusha bondeni. Huko lilidakwa na vioo vidogo vya juu ya nguzo, likatupwa kutoka nguzo hadi nguzo na kutoka nguzo hadi paa, mpaka likamfikia kila aliyelipia, likaingia kwake kwa kidirisha cha ukutani. Jua lilikuwa la Mungu, lakini njia ilikuwa ya Jumba, na katika Kivulini mwenye njia ndiye aliyekuwa akishukuriwa.

Kila gulio wapiga mbiu wa Jumba walizunguka mitaani wakitangaza mwanga wao: miale hadi mia kwa kila nyumba. Neno miale walilitoa kifuani, neno mia walilitoa kifuani na tumboni, na neno hadi, lililokaa katikati, walilimeza kama mtu amezavyo mbegu ya ndimu. Penye kuta ambako tangazo hilo lilichorwa, mia ilikuwa na kimo cha mtu mzima na hadi ilikuwa na kimo cha sisimizi. Kipimo chenyewe kilikuwa cha wahenga. Palikuwa na ubao wenye nukta mia, ya kwanza kubwa kama punje ya hindi, ya mwisho ndogo kuliko yai la chawa. Simama hatua tatu mbele yake. Ukiona nukta kumi, una miale kumi, na ukiziona zote, una miale mia. Ubao huo ulifungiwa Ng'aring'ari, chini ya ulinzi wa Mpima Mkuu, mzee aliyeitwa Makengeza, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba Jumba halidanganyi watu, na ambaye chakula chake, nguo zake na nyumba yake vilitoka katika Jumba hilo hilo.

Katika mtaa wa Mwishoni, ulioitwa hivyo kwa sababu baada yake hapana kitu ila jiwe, aliishi mjane wa makamo, Siwatu binti Kombo. Alishona kofia za matundu, zile ambazo kila tundu hutobolewa kwa ncha ya sindano na kuzungushiwa uzi mpaka likakaza kama jicho la samaki. Mume wake alipofariki hakumwachia shamba wala mbuzi, na kwa miaka kumi na mmoja Siwatu alikuwa amekula, amevaa na amejisitiri kwa sindano hiyo. Mwaka huo matundu yalianza kumponyoka. Kofia mbili zilirudishwa kwa kupinda safu. Ya tatu aliitia damu, kwa kuwa alikuwa akijichoma kidole bila kuona alipochoma.

Akaenda kwa Bi Mashavu, mganga wa macho, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Bi Mashavu alimfunua kope, akamnyanyua kidevu, akamwelekeza huku na huku.

"Macho yako hayaumwi, mwanangu," alisema. "Yamechoka kwa kutafuta. Yapatie mwanga, au iweke sindano chini kabla ya vuli. Ukishindwa yote mawili, njoo nikuchongee fimbo."

Ndipo Siwatu alipokwenda kujiandikisha Miale Hadi Mia. Watu wa Jumba walikuja asubuhi, wakati mtaa mzima uko mashambani na hapana mwingine aliyefungua kidirisha chake. Wakamtobolea ukuta, wakamwekea kioo cha kupokelea juu ya paa, na mwanga ukaingia ukajilaza juu ya jamvi lake kama bibi harusi. Siwatu aliitunga sindano mara moja bila kuulamba uzi. Alikaa akaitazama mikono yake, mikunjo yake na makovu yake, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea. Mchana huo akashona safu nzima.

Alasiri majirani walirudi, kila mtu akafungua kidirisha chake, na mwanga wa Siwatu ukaanza kurudi nyuma. Uliondoka ukutani, ukaondoka miguuni, ukaachia jamvi, na mwisho ukabaki kitu cha rangi ya uji wa wali kilichoning'inia dirishani bila kushuka. Siku ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Siku ya kumi hata asubuhi mwanga ulikuwa umekwisha kuzoea uvivu.

Alipanda kwenda Ng'aring'ari kulalamika, akapokewa na Msemaji wa Jumba, Bwana Ghururi, mtu mwenye sauti laini kama samli na vidole vilivyojaa pete.

"Tulikuahidi nini, mama?" aliuliza.

"Miale mia."

"Hadi mia." Alilitamka neno hilo kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mtoto herufi. "Hadi ni ukuta, mama, si ahadi. Inasema mwanga hautavuka hapo. Je, umewahi kuvuka?"

"Haujavuka."

"Basi neno letu tumelitimiza."

Kisha akamweleza, bila kumwomba akae, kwamba nyumba za bondeni zina tabia ya kunyonya mwanga. Kwamba pazia lake huenda ni zito, ukuta wake huenda ni mweusi, na jamvi lake huenda limetandikwa mahali pasipostahili. Kwamba macho ya mtu mzima nayo si ya kuaminiwa. Na zaidi ya yote, kwamba watu wa Mwishoni wana desturi mbaya ya kutaka kuona wote kwa wakati mmoja. Kama hayo hayakumridhisha, palikuwa na mpango mpya, Miale Hadi Mia Mbili. Kioo chake kilikuwa kile kile na njia yake ile ile, ila cheti chake kilipigwa muhuri wa rangi ya dhahabu.

Siwatu alirudi, akaling'oa pazia, akapaka kuta chokaa, akahamisha jamvi. Ukweli usemwe, chokaa ilisaidia. Ilisaidia kama maji ya kunawa yanavyomsaidia mwenye kiu. Hapo akaacha kujilaumu, na mtu aliyeacha kujilaumu huanza kutazama kwingine.

Bi Mashavu alikuwa na nakala ya ubao wa nukta mia, aliyorithi kwa mama yake kwa ajili ya kupimia wagonjwa. Siwatu aliazima nakala hiyo, akachukua kitambaa cheupe cha kofia, akaanza kuzishona nukta zote kwa uzi mweusi. Zile kubwa alizimaliza kwa siku moja. Zile za mwisho zilimchukua wiki tatu, asubuhi kwa asubuhi, pua imegusa kitambaa, na alipofunga fundo la nukta ya mia aliona vimulimuli hata akifumba macho. Kisha akakitundika kitambaa ukutani. Kwa kuwa Bwana Ghururi alikwisha kuyatilia shaka macho yake, hakukisoma mwenyewe. Kila siku alimwita jirani mwingine, mwenye macho mazima, asubuhi na alasiri, kwa mwezi mzima. Asubuhi walisoma nukta thelathini na moja. Alasiri walisoma tisa.

Mwezi ulipokwisha alikuja fundi wa vioo kufuta vumbi, kama Jumba lilivyofanya mara moja kwa mwaka. Jina lake Kitwana, mtu mrefu mwenye magoti yaliyochoka kwa ngazi, ambaye baba yake na babu yake walifuta vioo hivyo hivyo. Siwatu alimtilia kahawa.

"Fundi, kioo changu ni kibovu?"

Kitwana alipuliza kikombe. "Hicho si kioo, dada. Ni bati."

"Bati?"

"Bati lililosuguliwa. Kutoka nguzo ya Njiapanda kuja huku kwenu yote ni bati, tangu enzi za babu yangu. Kioo halisi kinaishia pale. Jumba linasema mwanga ni wa kioo, na ni kweli, umepita kwenye kioo. Halisemi umemalizia wapi."

Siwatu aliinua macho kwenye paa lake. "Nataka kuiona njia yote."

"Kupanda hakujakatazwa," alisema Kitwana. "Hakuna aliyewahi kutaka, ndiyo maana."

Walipanda siku ya pili alasiri, Siwatu amekikunja kitambaa chake kifuani, na kila penye nguzo walikitundika, na Kitwana, mwenye macho ya kipanga, akasoma. Kwenye bati la mwisho, kabla nyumba hazijagawana, nukta kumi na sita. Njiapanda wakakuta kioo kizuri kilichowekwa zamani kwa ajili ya nyumba arobaini. Kilikuwa kimekatwakatwa vigae mia nne, kila kigae kimeinamishiwa nguzo yake, na bado pembeni palikuwa na alama za chaki za vigae vingine, kwa sababu wapiga mbiu hawakuwa wamemaliza mitaa. Mbele ya kioo hicho kitambaa kilisomeka nukta sitini na nne. Juu yake, tisini. Lakini katikati ya mlima, mahali njia ilipopinda, walikuta vioo viwili vipana, visafi kama machozi, vilivyoudokoa mwanga kabla haujashuka na kuupeleka bustanini kwa Mwinyi Fanusi, ukapashe moto dimbwi alimolowekea miguu. Vioo hivyo havikugawanywa na nyumba yoyote, wala havikujua alasiri ni nini.

Kileleni walimkuta Mzee Makengeza yuko kazini. Alikuwa amesimama mkono mmoja tu kutoka kwenye Kioo Kikuu, na ubao wa wahenga mbele yake uling'aa hata ukaonekana kama unatoa jasho. Alisoma nukta zote mia, akaandika mia, akakunja karatasi.

"Mzee wangu, shikamoo," alisema Siwatu. "Unapima hapa tu?"

"Marahaba. Hapa ndipo mwanga ulipo," alijibu Makengeza, bila ubaya wowote. "Nikapime giza kwa faida ya nani?"

Habari za kitambaa zilishuka mlimani kwa kasi ambayo mwanga wa Jumba haukupata kuwa nayo. Mitaa mingine ikaomba kupimwa. Siwatu na Kitwana wakazunguka, na kila walikokwenda watu walisimama hatua tatu, wakahesabu kwa sauti, wakafika tisa, kumi na mbili, saba, wakanyamaza. Ukimya huo ndio uliomtisha Mwinyi Fanusi, maana kelele alikuwa amezizoea. Akaitisha baraza.

Siwatu alikitandaza kitambaa mbele ya watu elfu, akaeleza bati, vigae na dimbwi la miguu kwa maneno machache, akakaa. Bwana Ghururi alisimama kutaka kuzungumzia kuta nyeusi, wakamzomea. Basi Mwinyi, huku akitabasamu kama mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni, alitoa amri. Kuanzia siku hiyo ilikuwa marufuku kutangaza hadi. Jumba litangaze mwanga ule tu unaopatikana kweli kweli, saa ya alasiri, katika walau nusu ya nyumba zitakazopimwa. Watu wakampandisha Siwatu mabegani. Bi Mashavu alilia. Hata Kitwana, ambaye hakuwa mtu wa kuamini upesi, alicheka.

Zikapita wiki sita, Mpima Mkuu akichagua nyumba za kupima. Alizichagua kwa uangalifu mkubwa. Zote zilikuwa mteremko wa Ng'aring'ari, juu ya Njiapanda, nyumba za makarani wa Jumba na jamaa zao. Wapiga mbiu wakashuka na tangazo jipya: miale themanini na mbili, kwa kipimo cha haki. Sasa hapakuwa tena na neno la kumeza. Walilitoa lote kifuani.

Jioni ile jirani alisimama mbele ya kitambaa cha Siwatu akasoma nukta tisa.

Yaani hakuna kioo kilichofutwa, hakuna bati lililong'olewa, hakuna kigae kilichorudishwa. Lililotengenezwa lilikuwa tangazo peke yake. Kitwana alifukuzwa kwa kosa la kuwapandisha raia ngazi za Jumba, na mafundi wanane waliomwonea huruma wakafukuzwa naye. Vuli ilikuwa imekaribia. Siwatu alianza kuipapasa sindano kwa midomo, kama mama yake alivyofanya katika miaka yake ya mwisho, na alipojigundua anafanya hivyo aliiweka chini, akajifunga kanga, akapanda mlima tena.

Bwana Ghururi alimpokea akiwa miongoni mwa makarani wake.

"Mama wa kitambaa," alisema. "Sheria ulitaka, sheria umepata. Sasa nini?"

"Nataka kuona, bwana. Hicho tu."

"Nchi nzima inaona."

"Mtaa wangu una nukta tisa."

Ghururi alijinyoosha kitini. "Asiyetosheka na mwanga wetu aurudishe. Hatumlazimishi mtu."

Makarani wakacheka, mmoja akapaliwa na tambuu. Siwatu aliwatazama mmoja mmoja, akaaga, akashuka. Njiani alikuwa akiligeuza neno hilo mdomoni, na alipofika kwake, Kitwana, aliyekuwa amekuja kumjulia hali, alimkuta ameketi mlangoni bila kuvua kanga.

"Kitwana," alimwuliza, "mwanga unaweza kurudishwa?"

Fundi alikitazama kioo cha bati kilichokuwa juu ya paa, akaitazama njia, akaitazama Ng'aring'ari iliyokuwa ikimeta kule juu kama jino la dhahabu.

"Kioo hakijui juu wala chini," alisema mwishowe. "Njia ya kuja ndiyo njia ya kurudi. Ukikisimamisha sawasawa, ulichopewa kitapanda kilikotoka. Lakini wewe utabaki gizani, Siwatu. Giza kabisa."

"Na nyumba elfu nne zikifanya hivyo?"

Kitwana alisimama, akaenda kuwaita wenzake wanane.

Siku tatu walizunguka kutoka paa hadi paa. Haikuwa rahisi. Wako waliosema mwanga kidogo ni bora kuliko hakuna; wako waliosema Siwatu amekwisha kupofuka na sasa anatafuta wenzi. Mmoja wao alimwambia hivyo usoni, naye akamjibu, "Ndiyo, nakaribia. Nawe zamu yako iko njiani." Wengi walikubali kwa hasira, wachache kwa aibu, na Bi Mashavu alikubali kwa sababu, alisema, alikuwa amechoka kuchonga fimbo.

Alasiri ya Alhamisi, watu walipokwisha kurudi kutoka mashambani, waligeuza vioo. Siwatu alisikia mlio wa mabati ukipita mtaani kama mvua ya kwanza, kisha nyumba yake ikazimika. Hakuona jamvi, hakuona kitambaa, hakuona mikono aliyoiweka mapajani. Alikaa. Akajiuliza kama hakuwa ameuza tisa zake kwa sifuri. Baadaye zikasikika sauti kutoka juu, mbali sana, sauti za watu wasiozoea kupiga kelele.

Yaliyotokea Ng'aring'ari yamesimuliwa kwa namna nyingi, na wasimuliaji wote walikuwa na hasira. Wanaokubaliana husema hivi: miale ilipanda nyumba kwa nyumba, ikakutana Njiapanda, ikajikusanya juu ya mlima, ikaangukia baraza ya kasri ambako Mwinyi, Ghururi na Makengeza walikuwa wakila. Katika mwanga ule kila kitu kilionekana. Ilionekana dhahabu ya nguzo kuwa rangi iliyobanduka. Yalionekana madoa ya mchuzi kwenye joho la Baba wa Asubuhi. Ikaonekana pia kwamba meza ndefu waliyolia chakula ilikuwa rundo la vioo halisi, vipya, vilivyofungwa kamba, na juu ya kila kifurushi pameandikwa Mwishoni. Watumishi walioviona ndio walioshuka kusema. Waheshimiwa wenyewe hawakuona kitu, kwa kuwa walikuwa wamefunika nyuso. Walitupa mikeka juu ya Kioo Kikuu. Mikeka ikashika moto. Wakatafuta fundi wa kukigeuza, wakakumbuka wamemfukuza.

Siku ya pili vioo viligeuzwa tena, na siku ya tatu. Siku ya nne, Jumapili asubuhi, Siwatu akiwa amekaa ndani, alisikia fimbo ikipapasa ngazi za mtaa, taratibu, ikikosea na kurudi. Kisha sauti ikauliza nyumba ya mshona kofia ni ipi. Alitoka akamkuta Mzee Makengeza, kitambaa kimezungushwa machoni, peke yake, maana aliyemleta alikuwa amemwacha juu ya ngazi na kukimbia.

Siwatu alimshika mkono, akamwingiza ndani, akamkalisha, akamtilia kahawa na kumfungia vidole kwenye kikombe.

"Nimetumwa," alisema Makengeza. "Jumba litakuletea kioo halisi, wewe peke yako. Nukta zote mia, asubuhi na alasiri, mpaka ufe. Macho yako yatapona. Tunaomba paa lako tu; wengine wakiona umekigeuza kioo kama zamani, nao watageuza." Alikunywa kidogo. "Niambie ukweli, mama. Humu ndani mna mwanga kiasi gani?"

"Unauliza kama mpimaji?"

"Nauliza kama mtu asiyeona."

Nje, majirani walikuwa wamesimama milangoni mwao, na juu ya mapaa mabati elfu nne yalikuwa yakingoja alasiri. Siwatu alizisikia pumzi zao. Alisikia pia kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akiomba kitu.

"Maliza kahawa, mzee," alisema.

Alipoimaliza alimwinua, akampeleka mlangoni na kumwongoza juu, daraja baada ya daraja. Watu waliowaona wakipanda wanasema hakuna aliyejua kama Siwatu alikuwa akimrudisha mjumbe na jibu au akienda kukipokea kioo chake. Ila hakumwachia mkono, kwa sababu ngazi za Mwishoni ni mbovu, na mtu asiyeona hawezi kuzipanda peke yake.